Nyota akiguria klabu kubwa, fungu la aliyemlea huenda wapi?

Kila dirisha la usajili likifunguliwa Ulaya, maskani zetu huku Pwani hugeuka benki. Huyu kanunuliwa kwa milioni kadhaa, yule mshahara wake wa wiki moja unatosha kununua shamba zima Tezo na chenji ikarudi. Hesabu huanzia kwa klabu inayonunua na kuishia kwa klabu inayouza. Aliyemfundisha mtoto huyo kutumia mguu wa kushoto akiwa na miaka 12 hatajwi, na mara nyingi mwenyewe hajui kwamba sheria inamtaja.

Ndiyo, inamtaja. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, tangu zilipofumwa upya mwaka 2001, zimetenga fungu kwa kila klabu iliyomlea mchezaji tangu mwaka alioadhimisha miaka 12 hadi mwaka alioadhimisha miaka 23. Fungu hilo halitegemei huruma ya mnunuzi wala kumbukumbu nzuri ya mchezaji. Linategemea karatasi. Na hapo ndipo sisi Wapwani tunapopigwa bao kila mwaka bila hata kujua kwamba mechi ilikuwa inaendelea.

Mimi ni katibu wa timu ya mtaa, kazi isiyo na mshahara: kushika daftari la majina, kukusanya pesa za refa na kutafuta gari la kwenda ugenini. Makocha wenzangu na wazazi huniuliza maswali yale yale kila msimu, nami nimechoka kuyajibu kwa vipande vipande kwenye simu. Haya hapa yote kwa pamoja, kwa mifano ya watu tunaowajua.

Tuanze na Mbwana Samatta

Samatta ni mtoto wa Mbagala, Dar es Salaam, na safari yake ni somo zuri kuliko ya Mwafrika Mashariki mwingine yeyote, kwa sababu alipanda ngazi moja moja na kila ngazi inaonekana. Aliingia African Lyon mwaka 2008, Simba mwaka 2010, kisha mwaka 2011 akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Huko akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 akiwa mfungaji bora, na Januari 2016 akatawazwa mjini Abuja kuwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaosakata soka ndani ya bara. Mwezi huo huo akaguria Genk ya Ubelgiji. Akawa bingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, akawafunga Liverpool kwa kichwa Anfield Novemba 2019, na Januari 2020 Aston Villa wakamchukua. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Bournemouth. Mwezi mmodi baadaye akaifungia Villa Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Nakumbuka siku ile hata mashabiki sugu wa City hapa Mombasa walishindwa kununa.

Sasa pesa. Magazeti ya Uingereza yalitaja ada ya kati ya pauni milioni 8.5 na milioni 10. Tuchukue 10 ili hesabu iwe nyepesi.

Kanuni inasema asilimia 5 ya ada yoyote inayolipwa mchezaji akihama kabla kandarasi yake haijakwisha inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea. Huu huitwa mchango wa mshikamano. Kwa milioni 10, asilimia 5 ni pauni 500,000. Mgawanyo wake hauko sawasawa. Misimu minne ya kwanza, yaani ya miaka 12, 13, 14 na 15, kila mmoja unabeba robo ya asilimia moja ya ada nzima: pauni 25,000. Misimu minane inayofuata, ya miaka 16 hadi 23, kila mmoja unabeba nusu ya asilimia moja: pauni 50,000. Nne mara 25,000 ni laki moja, nane mara 50,000 ni laki nne, jumla laki tano. Hesabu imefunga.

Samatta alizaliwa Desemba 1992. Nikiipanga misimu yake kwa penseli, na nasisitiza kwamba haya ni makadirio yangu wala si risiti ya mtu, African Lyon wana kama misimu miwili, sawa na pauni 100,000. Simba wana kama mmoja, pauni 50,000. Mazembe ndio wenye fungu nono, misimu minne na nusu hivi, kama pauni 225,000. Genk wenyewe wana nusu msimu tu, kwa kuwa walimpata akiwa ameshafika miaka 23.

Jumlisha. Utaona kumebaki pauni 100,000, ambazo ni za ile misimu minne ya mwanzo, kuanzia mwishoni mwa 2004 hadi 2008, alipokuwa mtoto wa mitaani kwao akicheza kabla hajafika African Lyon. Ili pesa ya miaka hiyo imfikie mtu, sharti kuwe na klabu iliyokuwa mwanachama wa shirikisho, na iwe ilimsajili mtoto huyo kwa jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Msimu ambao mtoto alicheza bila usajili hauna mwenyewe. Kocha aliyemfundisha anaweza kuleta picha, anaweza kuleta mashahidi mtaa mzima, lakini picha si usajili.

Pauni 100,000 mwanzoni mwa 2020 zilikuwa zaidi ya shilingi milioni 13 za Kenya. Piga hesabu ni mipira mingapi, nyavu ngapi, na ni nauli ngapi za kutoka Mbaraki hadi uwanja wa Karisa Maitha kule Kilifi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba fungu hili haliliwi mara moja likaisha. Kila mara mchezaji anapouzwa kwa ada, maisha yake yote ya soka, asilimia 5 inakatwa tena na klabu zile zile zinarudi kwenye foleni. Hata ada ya mkopo inahesabiwa. Samatta alipotoka Villa kwenda Fenerbahçe mwaka huo huo wa 2020, kengele ililia upya. Kumlea mchezaji mmoja kwa karatasi safi ni sawa na kupanda mnazi: unaangua, unangoja, unaangua tena.

Wanyama, na pesa iliyokwama mpakani

Kwa upande wetu wa Kenya, mfano ni Victor Wanyama. Alizaliwa Juni 1991, akapitia Nairobi City Stars na AFC Leopards, akaenda Helsingborg ya Sweden mwaka 2007, kisha Beerschot ya Ubelgiji mwaka 2008. Celtic ya Scotland ilimnunua mwaka 2011 kwa pauni zinazotajwa kuwa 900,000. Miaka miwili baadaye, baada ya lile bao la kichwa dhidi ya Barcelona lililotikisa dunia Novemba 2012, Southampton walilipa pauni milioni 12.5. Ilikuwa ada kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa klabu ya Scotland hadi wakati huo, na ikamfanya Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Kwa ada ya milioni 12.5, kila msimu wa kati ya miaka 12 na 15 una thamani ya pauni 31,250. Kwa viwango vya mwaka 2013 hizo ni takriban shilingi milioni 4. Msimu mmoja! Na Wanyama misimu hiyo yote aliichezea nyumbani Kenya.

Lakini tazama kilichofuata. Juni 2016 akahama tena, Southampton kwenda Tottenham, kwa pauni milioni 11. Hapo mchango wa mshikamano kwa klabu za Kenya ulikuwa sufuri. Kisa? Celtic na Southampton ziko chini ya mashirikisho mawili tofauti, la Scotland na la Uingereza, kwa hiyo uhamisho wa 2013 ulihesabiwa kuwa wa kimataifa. Southampton na Tottenham ziko chini ya shirikisho moja, na kanuni ya FIFA enzi hizo iligusa uhamisho wa kuvuka mpaka pekee. Mtoto wa Nairobi akiuzwa baina ya Waingereza, aliyemlea Nairobi alikuwa mtazamaji kama mimi na wewe.

Kasoro hiyo ilirekebishwa tarehe 1 Julai 2020. Tangu siku hiyo, klabu mbili za nchi moja zikiuziana mchezaji aliyelelewa nchi nyingine, klabu ya nchi hiyo nyingine inapata fungu lake. Wachezaji wetu wengi hufika Ulaya au Ghuba kwa bei ndogo, na bei kubwa huja katika uhamisho wa pili au wa tatu, nao mara nyingi hufanyika ndani ya nchi ile ile. Kwa hiyo badiliko hili ni letu kabisa. Nimelitaja mbele ya viongozi wa timu zaidi ya mara moja na nimeona jinsi nyuso zinavyobaki wazi.

Fungu la pili: fidia ya malezi

Watu huchanganya mambo mawili. Mchango wa mshikamano ni ile asilimia 5 ya ada, na pasipo ada hakuna mchango. Fidia ya malezi ni kitu kingine. Hii hulipwa mchezaji anaposaini kandarasi yake ya kwanza ya kulipwa katika nchi nyingine, na tena kila anapohamia klabu ya nchi nyingine hadi mwisho wa mwaka alioadhimisha miaka 23. Inalipwa hata kama mchezaji kaondoka bure, mradi alikuwa amesajiliwa.

Kiasi chake hutegemea daraja la klabu inayompokea. FIFA imegawa klabu katika madaraja manne, na kwa Ulaya viwango ni yuro 90,000 kwa kila mwaka wa malezi katika daraja la kwanza, 60,000 la pili, 30,000 la tatu na 10,000 la nne. Miaka ya utotoni, 12 hadi 15, huhesabiwa kwa kiwango cha chini cha daraja la nne, hata mtoto akisaini kwa Real Madrid. Malezi yanahesabiwa hadi miaka 21. Klabu inayompokea ikiwa yenyewe ni ya daraja la nne, haidaiwi kitu.

Kijana wa Likoni aliyesajiliwa na klabu ya hapa tangu miaka 12 hadi 18, kisha akasaini kandarasi ya kwanza na klabu ya daraja la tatu Ulaya, ameibebea klabu yake pesa ambazo harambee tano hazizifikii. Ndio maana baadhi ya mawakala huja na karatasi moja iliyochapwa vizuri, wanamwomba mwenyekiti wa klabu asaini kwamba “klabu haina madai yoyote kwa mchezaji huyu.” Mwenyekiti husaini kwa furaha, mara nyingi kwa ahadi ya jezi. Nimeiona karatasi ya namna hiyo kwa macho yangu. Jezi zilikuja seti moja, na nambari zilibanduka kabla ya Ramadhani.

Sitaki kusema kila barua ya kuachilia madai ni wizi. Wakati mwingine klabu ndogo ya Ulaya haiwezi kulipa na bila barua ile kijana atabaki nyumbani. Lakini mwenyekiti ana nafasi ya kusema: naachilia fidia ya sasa, siachilii mchango wa mshikamano wa baadaye, na nataka asilimia fulani akiuzwa tena. Hayo huandikwa katika mistari mitatu. Aandikiwe na wakili, si na wakala.

Kandarasi fupi zinavyotuumiza

Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ilimpa ushindi Jean-Marc Bosman, mchezaji wa Ubelgiji, na tangu hapo mchezaji ambaye kandarasi yake imekwisha yuko huru kwenda anakotaka bila ada. Miezi sita ya mwisho ya kandarasi anaweza kabisa kusaini makubaliano na klabu mpya. Ni haki yake, nami sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni na klabu zetu zinazompa kijana hodari kandarasi ya msimu mmoja, au zisizompa kitu zaidi ya ahadi ya mdomo, kisha akiondoka zinalia usaliti. FIFA inaruhusu kandarasi ya hadi miaka mitano, na mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Bandari, klabu ya Mamlaka ya Bandari, angalau ina ofisi na wanasheria. Kipa Farouk Shikalo alipotoka Bandari kuguria Yanga mwaka 2019, Mombasa nzima ilijua ni hatua ya kupanda, na klabu zote mbili zilikuwa na watu wa kushika faili. Timu za Kisauni, Ukunda au Lamu hazina faili. Zina daftari la katibu kama mimi, na daftari la katibu likilowa mvua historia ya watoto 30 imelowa nayo.

Upande wa mchezaji nao una somo, na hili tulilishuhudia sote kwa Feisal Salum, Fei Toto wa Zanzibar. Alitoka JKU kwenda Yanga mwaka 2018 na akawa kipenzi cha watu. Desemba 2022 aliandika barua ya kuvunja kandarasi na kuingiza shilingi milioni 112 za Tanzania katika akaunti ya Yanga, fedha za usajili pamoja na mishahara ya miezi mitatu. Yanga walizirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje ya uwanja miezi kadhaa, wenzake wakifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika bila yeye. Suala hilo lilimalizika Juni 2023, baada ya Rais Samia mwenyewe kuwataka viongozi wa Yanga walimalize, naye akaenda Azam.

Kila mtu ana upande wake katika kisa hicho na sitaki kuchokoza Wazanzibari. Ninachosema ni kwamba kandarasi ya mpira haivunjwi kwa kurudisha pesa kama unavyorudisha nguo dukani. Kuna kipindi cha ulinzi, miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, ambapo mchezaji akivunja bila sababu ya haki anaweza kulipa fidia na kufungiwa kucheza. Sababu ya haki ipo pia upande wake: klabu isipolipa mishahara ya miezi miwili, akaipa notisi ya maandishi ya siku 15 na bado haikulipa, anaweza kuondoka akiwa huru. Wangapi kati ya vijana wetu wanaodai miezi minne wameandika hiyo notisi? Wengi hulalamika kwenye simu na kocha, na simu haiachi karatasi.

Mtoto wa miaka 15 na safari ya Ghuba

Hapa nitasema bila kuzunguka. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishwa nchi nyingine kwa ajili ya mpira. Ni kifungu cha 19 cha kanuni hizo hizo. Zipo nafasi chache tu za kando, kama vile wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zao zisizohusiana na mpira. Ile ya miaka 16 hadi 18 ni ya ndani ya Ulaya, haituhusu. Iliyo ya kuvutia kwetu ni ya mpakani: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka anaweza kuchezea klabu ya nchi jirani iliyo pia ndani ya kilomita 50, mradi aendelee kulala kwao na mashirikisho yote mawili yakubali. Mtoto wa Vanga au Lungalunga anaweza kuitumia kuchezea upande wa Tanzania. Sijasikia klabu inayoitumia.

Kwa hiyo mtu akija nyumbani kwako akakwambia mwanao wa miaka 15 ana nafasi katika akademia Qatar, Oman au Uturuki, lipia tikiti tu na ada ya majaribio, jua kwamba usajili huo hauwezi kupita. Michael Olunga alifika Al-Duhail ya Qatar Januari 2021 akiwa mtu mzima, ametoka kuwa mfungaji na mchezaji bora wa Ligi Kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol. Alinunuliwa yeye. Hakulipia majaribio.

Wakala naye ana leseni. Tangu Oktoba 2023 FIFA inataka kila wakala awe amefaulu mtihani au kutambuliwa rasmi, na majina yao yako kwenye tovuti ya FIFA, anayetaka anatafuta kwa simu yake. Kwa mtoto, wakala hana ruhusa hata ya kumkaribia kabla ya miezi sita kufika umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini kandarasi ya kwanza ya kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Mzazi amuulize wakala nambari ya leseni kabla ya kumwandalia chai. Atakayekasirika kwa swali hilo amejijibu.

Hata watu wazima wenye majina hukwama kwenye karatasi. Januari 2010 McDonald Mariga alikuwa ameshakubaliana na Manchester City akitokea Parma, kibali cha kazi kikakataliwa kwa sababu ya nafasi ya Kenya katika orodha ya FIFA. Siku zile zile Inter Milan wakamchukua, na miezi michache baadaye kikosi hicho kikatwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Bahati ya namna hiyo haiji mara mbili.

Jinsi ya kujiweka kwenye foleni

Zamani klabu ililazimika kuandika madai yenyewe, kumtafuta mdaiwa, na kufungua kesi FIFA ndani ya miaka miwili tangu deni lilipoanza. Ikichelewa, imekosa. Klabu ya mtaa ingejuaje kwamba kijana wake wa zamani kauzwa Ureno?

Tangu Novemba 2022 kuna kituo cha malipo cha FIFA kilichoko Paris. Mchezaji anaposajiliwa kwa uhamisho wa kimataifa, au anaposaini kandarasi ya kwanza ya kulipwa, mfumo wenyewe unatengeneza pasipoti yake ya kielektroniki, yaani orodha ya kila klabu iliyowahi kumsajili. Orodha hiyo inawekwa wazi kwa siku 10 ili aliyeachwa aombe kuingizwa. Ikishathibitishwa, klabu inayonunua inalipa kituo, nacho kinazilipa klabu za malezi moja kwa moja kupitia benki.

Ni habari njema yenye mtego. Mfumo huo unasoma kile tu kilichomo katika kumbukumbu za shirikisho la nchi. Mtoto asiyekuwa na usajili wa kielektroniki FKF wenye nambari yake ya FIFA hayumo, na klabu isiyokuwa na akaunti ya benki kwa jina lake lililosajiliwa hailipiki. Akaunti ya simu ya mweka hazina haitafaa.

Kwa hivyo klabu inayotaka kuhesabiwa iwe mwanachama wa tawi la FKF la kaunti, hata kama inacheza ligi ya chini kabisa. Mashindano ya Ramadhani ni matamu, na uwanja wa Twaif kule Lamu hujaa hadi watu wakapanda kuta, lakini timu inayocheza mashindano hayo peke yake haionekani na FIFA. Isajili watoto kila msimu, kila mmoja kwa cheti cha kuzaliwa. Msimu usiosajiliwa ni msimu uliopotea.

Na umri uwe wa kweli. Najua nagusa kidonda. Kijana wa miaka 19 anayeandikwa 16 ili acheze mashindano ya shule anaonekana nyota kwa mwaka mmoja, lakini pasipoti yake ya mchezaji inakuwa imevurugika: misimu haifuatani, cheti kinapingana na kitambulisho, na klabu kubwa ikichunguza inarudi nyuma. Aliyeibiwa hapo ni kijana mwenyewe na klabu yake.

Mzazi naye awe na bahasha nyumbani: cheti cha kuzaliwa, nakala ya kila fomu ya usajili, nakala ya kila kandarasi yenye sahihi za pande zote. Kuna klabu inayosainisha vijana kisha ikabaki na nakala zote. Hiyo si kandarasi ya kukubali, hata kama mwenyekiti ni ami yako.

Kuhusu wasichana wetu, ambao siku hizi wanaondoka kwenda kucheza nje kama wavulana: kanuni za FIFA hazina fidia ya malezi katika soka ya wanawake. Mchango wa mshikamano upo, na unahesabiwa vile vile, asilimia 5, miaka 12 hadi 23. Ada za soka ya wanawake zimekuwa zikipanda mwaka hadi mwaka, na klabu za wasichana za Pwani ni chache kiasi kwamba kuzisajili zote ni kazi ya wiki moja. Fomu ziko kwenye ofisi ya tawi.